Mtamalizia Nyumbani

11 Januari

Wajina wangu,

Huku tu wazima. Mgongo wangu peke yake ndio hauna adabu, lakini nimeshauzoea kama mtu anavyozoea jirani mlevi. Kazini mashine kubwa ya kukaushia imekufa tangu mwaka uanze, kwa hiyo mashuka ya hospitali nzima tunayaanika uani, na kila wingu likipita wasichana wangu wanapiga kelele utafikiri wameona chui. Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia, basi mvua nayo ni kosa langu. Msalimie mama yako, na huyo mdogo wako Redio pia, kama kuna dakika anayonyamaza akasikia salamu za watu.

Sasa nisikilize. Ile shule ya wasichana iliyo nyuma ya hospitali, nimezungumza na mwalimu wao wa taaluma. Mashuka ya bweni lao tunafua sisi, kwa hiyo mama yule ananijua, na anajua nikisema kitu sikisemi bure. Nimempelekea nakala ya matokeo yako. Ameyasoma mara mbili, akasema nafasi ya sayansi ipo, hata kama masomo yameshaanza. Ila hawezi kuishikilia milele. Anataka jibu kabla ya muhula wa pili kufunguliwa.

Utakaa kwangu. Chumba cha nyuma, alichokuwa akilala binamu yako kabla hajaolewa, nimeshakitoa magunia. Kina dirisha. Nimeweka na meza.

Tangu ukiwa mdogo wimbo wako ni mmoja, uhandisi wa maji. Chuo kikuu hakimchukui mtu kwa uhandisi kwa sababu ana tabia nzuri. Kinataka hesabu. Najua hapo kwenu hesabu mnafundishwa na baba yako mwenyewe, na najua alivyohangaika mpaka hayo madarasa ya juu yakafunguliwa. Sisemi neno juu yake. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nasema tu kwamba hapa kuna walimu watatu wa hesabu na maabara mbili, na miaka yenyewe iliyobaki ni miwili.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba yenu inaishi mfukoni mwa baba yako, na hili nataka ulifikirie peke yako kwanza. Barua nimempa dereva wa basi, yule mwenye kofia. Akichelewa, mlaumu yeye.

Shangazi yako

2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ingawa yenyewe ilifika imechoka, na kona moja ina alama ya chai. Dereva anasema si yeye. Poleni na mashine. Mama hajambo, kuku wake wameanza kutaga tena na sasa anawasifia kuliko anavyotusifia sisi. Redio amepoteza jino la mbele, na tulidhani atapunguza maneno. Wapi! Sasa anaongea na kupiga mluzi kwa pamoja.

Nashukuru sana kwa habari ya shule. Nimemwambia Baba. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaweka kalamu chini, akasema, "Uamuzi ni wako, mwanangu." Halafu akaendelea kusahihisha. Kesho yake wakati wa chai akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba darasa la kwanza la shule yoyote ndilo linaloijengea jina.

Kwa kweli, Shangazi, sidhani kama nitakuja. Kwanza ni mbali. Pili, watu wanasema maji ya huko kwenu yana chumvi. Tatu, Mama anahitaji mtu wa kumsaidia kulisha kuku. Halafu hapa nimeshazoeana na wenzangu, tuko wachache na tunasaidiana, na jaribio la mwisho tumefanya vizuri wote. Mkuu wa shule alimpongeza Baba mbele ya shule nzima. Kwa hiyo mambo si mabaya kama unavyofikiri.

Usiondoe meza lakini. Nitakuja kukutembelea likizo.

Wajina wako

14 Februari

Wajina,

Nimecheka peke yangu mpaka muuguzi mmoja akaja kuniangalia. Maji ya chumvi! Mimi nimeyanywa maji haya zaidi ya nusu ya umri wangu na bado nina meno, kuliko Redio. Na hao kuku, wewe ndiye unayewatagia mayai?

Habari za huku: fundi wa mashine amekuja, akaifungua, akaitazama, akaifunga, akaenda zake. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike, kichwa kikubwa, sauti kubwa, wote wazima. Nimekaa kwao siku nne nikarudi. Nyumba yangu niliikuta kimya sana. Nimebadilisha balbu ya kile chumba, ile ya zamani ilikuwa inafifia. Nimeweka na pazia.

Turudi kwenye lako. Mtu mwenye sababu moja ya kweli huitaja hiyo moja. Mwenye sababu nne anapiga chenga. Wewe umeniletea mbali, chumvi, kuku na wenzako, na hata moja haina uzito wa kumzuia mtoto niliyemwona akilia akiwa na miaka tisa kwa sababu bomba la mtaa limepasuka na hakuna aliyemruhusu kutazama ndani.

Basi nitauliza, na usinikasirikie. Kuna kijana? Kama yupo, niambie, sitapiga kelele. Hata mimi nimewahi kuwa msichana, ingawa siku hizi mgongo unakataa kushuhudia. Ila ujue kijana wa maana atakungoja miaka miwili, na asiyengoja si hasara.

Nijibu kwa jibu moja tu. La kweli.

Shangazi yako

5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, mpe binamu mkono wangu. Hapa Mama alikuwa na homa wiki iliyopita, sasa ameamka. Redio amefukuzwa darasani kwa kuongea, ikabidi Baba aende kujieleza kwa mwalimu mwenzake. Alirudi akicheka.

Hakuna kijana. Imeniuma kidogo kwamba umeuliza, lakini nimeona ni haki yako, kwa sababu kweli nilikuwa nakupiga chenga. Nitakuambia, ila usimwambie mtu, na zaidi ya wote usimwambie Baba.

Baba hawezi kufundisha hesabu za darasa la juu.

Haya, nimeliandika. Wewe unajua anavyofundisha watoto wa madarasa ya chini. Wanamgombania. Mtoto aliyeshindikana kwa kila mwalimu, Baba anakaa naye chini anampangia mawe, na mtoto anatoka anajua kugawanya. Lakini mwalimu wa hesabu za juu aliyeletwa kwetu aliondoka kabla hata hatujajua jina la mkewe, na Baba akashika chaki kuliko kuliona darasa alilolipigania likifungwa. Hizi hesabu alizisoma zamani, na kidogo. Anachofanya ni kunakili mfano kutoka kitabuni mpaka ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri, na mfano ukiisha, naye ameisha. Mtu akiuliza, "Mwalimu, na kama ingekuwa hivi?" anatazama ubao, anatazama saa, anasema, "Hilo mtamalizia nyumbani."

Na kweli tunamalizia, ila si nyumbani. Kengele ikilia wenzangu wanabaki, mimi nasimama ubaoni, tunafanya upya somo zima. Hakuna aliyesema tufanye hivyo, ilianza tu. Nasoma mbele usiku, nawaeleza kesho yake jioni. Ndiyo maana tumefaulu jaribio. Ndiyo maana Mkuu alimpongeza. Baba alisimama mbele ya shule nzima akainamisha kichwa, nami nikapiga makofi na wengine.

Kumwambia siwezi. Shuleni mimi ni mwanafunzi, na mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya watu. Nyumbani yeye ni Baba, na sheria ya nyumba unaijua, mambo ya shule yanaishia mlangoni. Aliiweka yeye ili nisionewe wala kupendelewa. Kwa hiyo hakuna mahali pa kulisemea.

Nikihama, jaribio litakalofuata litamvua nguo mbele ya watu. Kila mmoja atajua. Nikibaki, hakuna atakayejua, ila na mimi nimefika mwisho wangu. Sura ya saba nimeisoma mpaka karatasi zimelegea, siielewi, na hakuna wa kumwuliza. Wenzangu wananitazama kama ninavyomtazama Baba. Juzi mmoja aliniuliza swali, nikasikia mdomo wangu unasema, "Tutalimalizia kesho."

Nataka kuja, Shangazi. Nilitaka kuja tangu barua ya kwanza. Lakini sitamfanyia baba yangu hivyo.

Wajina wako

15 Machi

Mwanangu,

Sina habari za mashine leo.

Barua yako nimeisoma nimesimama kati ya mashuka, halafu nimeisoma tena nimeketi. Kwanza nikajisikia fahari juu yako, halafu nikajisikia hasira. Hasira ndiyo iliyobaki.

Nimempigia baba yako.

Najua ulinikataza. Tukana kwanza, halafu endelea kusoma. Mimi nafanya kazi hospitali, hata kama ni ya kufua. Mashuka yanayonifikia yananieleza nani alikuja mapema na nani alijikaza nyumbani mpaka siku ya mwisho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe unafunika kombe, baba yako anafunika kombe, na wenzako wote mle darasani wanakula kilichomo humo. Wao hawana shangazi mwenye chumba cha nyuma. Mtihani wa mwisho ukija, wewe utaponea kitabuni. Wao je?

Na tena, kwa nini hakuna mwalimu mwingine aliyeletwa? Kwa sababu alama zenu ni nzuri. Unazipandisha wewe jioni, Mkuu anaziona asubuhi, anasema huku mambo shwari. Unamkinga baba yako na msaada.

Sikumsema vibaya. Nilimwambia, "Binti yako anataka kuhama na anakataa kwa ajili yako. Jioni anawafundisha wenzake unachoshindwa kumaliza. Muulize, au nenda ukaone." Akasema, "Asante, dada." Halafu akaniuliza kama mashine ya kukaushia imepona.

Nichukie ukitaka. Sikuweza kukaa na barua ile mfukoni nikaendelea kukunja mashuka.

Shangazi yako

4 Aprili

Wajina,

Dereva anasema amekupa barua yangu mkononi, na kwamba ulimshukuru. Kwa hiyo unayo, na umenyamaza. Haya.

Baba yako naye hapokei simu zangu, au anapokea anasema yuko darasani, hata siku ya Jumapili.

Mwalimu wa taaluma ameniuliza tena. Nimemwambia bado unafikiri. Amesema kuna msichana mwingine anayeitaka nafasi hiyo, naye ni wa hapa hapa. Nikamwambia mashuka ya bweni lake yana madoa mengi sana, na wasichana wangu wanaweza kuchoka. Tumecheka, lakini nilikuwa natania nusu tu.

Jana nililala kile chumba cha nyuma ili nijaribu godoro. Ni zuri. Usingizi sikuupata lakini. Nitasema wazi, maana na mimi nimekuwa nikikupiga chenga na mapazia na balbu. Nakutaka hapa si kwa ajili ya hesabu tu. Tangu binamu yako aolewe, nikirudi kazini hakuna wa kumgombeza. Hilo lisikusukume. Lakini limekuwa kweli muda wote, na wewe uliniambia kweli yako.

Kama nimemuumiza mdogo wangu, niambie.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima wote. Kuku wawili wameibwa na Mama anamshuku paka, ingawa Redio anasema kuku walikwenda kutembea.

Nilikuchukia wiki nzima. Naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu limepungua. Halijaisha. Nilikuambia siri ukaitoa, na hata kama ulikuwa na haki, haki hiyo haikuwa yako peke yako. Hili tutalizungumza uso kwa uso, nami nitasema kwa sauti.

Baada ya simu yako, Baba alikula, akaoga, akauliza nani kamaliza sabuni. Nikajua ameshaambiwa, maana alianza kunibishia hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Darasani aliendelea kunakili mifano, ila sasa hakunitazama. Kila siku nilingoja anifokee. Angenifokea ningelala vizuri.

Kisha jioni moja tumebaki kama kawaida, mimi niko ubaoni na sura ya saba, mlango ukafunguliwa. Baba akaingia na kiti hakuchukua. Alikwenda dawati la nyuma kabisa, akajibana pale, magoti yamegusana na mbao, akatoa daftari. Wenzangu waliganda. Nami mkono uliganda na chaki. Akasema, "Endelea. Usinijali."

Nikaendelea. Shangazi, niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, lakini niliendelea. Alikuwa anaandika. Mara moja alinyoosha mkono kama mwanafunzi akauliza hatua ya tatu imetoka wapi, nikamweleza, akasema, "Kumbe," akaandika. Lile "kumbe" lilitoka moyoni. Sijawahi kumsikia amefurahi namna hiyo shuleni.

Halafu nikafika pale ninapokwama siku zote. Nikasimama. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwenzangu mmoja akauliza, "Sasa?" Nilimwona Baba anainuka, anakuja mbele, nikampa chaki. Akatazama ubao muda mrefu. Akatazama saa. Nikajua neno linalokuja, na nadhani darasa zima lilijua, kwa sababu mmoja alishaanza kufunga daftari.

Akasema, "Sijui."

Akaweka chaki chini, akarudia, kwa sauti ya kawaida tu, "Hili silijui. Na mwenzenu huyu naye halijui, na si kazi yake kulijua. Samahanini. Nimewachelewesha." Akatoka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu. Sisi tulibaki tumekaa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wetu, yule mpole, alikuwa analia, na nilipomwuliza kwa nini, akasema alidhani ni yeye tu aliyekuwa mjinga.

Mkuu alishangaa, akafungua mafaili, akasema alama zinaonyesha vingine. Baba akamweleza alama zinatoka wapi. Shule ya jirani ina mwalimu wa hesabu anayeweza kuja mara mbili kwa wiki. Angeweza kuja tangu mwanzo, ila hakuna aliyeomba.

Usiku ule Baba alivunja sheria yake mwenyewe. Alinikuta naosha vyombo, akachukua kitambaa akaanza kukausha, akasema, "Nilikuambia uamuzi ni wako. Nilikudanganya. Kila asubuhi nilikuwa naomba ubaki, maana ukiondoka nitajulikana. Sasa nimejulikana, na tazama, bado niko hapa nakausha sahani. Nenda ukasome."

Nililia, naye akalia kidogo, halafu akasema nimeacha sabuni kwenye kikombe.

Nilitaka kumwambia kwamba sasa mwalimu yupo, kwa hiyo ningeweza kubaki. Nimelifikiri hilo siku kadhaa, kwa haki. Lakini mara mbili kwa wiki haitoshi mtu anayetaka uhandisi, na zaidi ya hapo, ilikuwa mara yangu ya kwanza kujiuliza swali hili bila Baba kuwa ndani yake. Jibu lilikuja haraka mpaka nikashtuka. Nakuja. Mwambie mwalimu wa taaluma, na uwaache wasichana wako wafue mashuka yake kwa amani. Nitapanda basi la Jumamosi. Wenzangu wameshapanga zamu za jioni, kila mmoja na siku yake ubaoni.

Baba hajakukasirikia. Anaona haya tu. Mpigie, ila usimwulize lolote, mweleze habari za mashine.

Jana mwalimu mpya alianza. Ni kijana, shati limepigwa pasi sana, anatetemeka kuliko sisi. Alipofika mlangoni akaona kule nyuma ameketi mtu mzima mwenye mvi, akaogopa, akasema, "Shikamoo, mzee. Wewe ni mkaguzi?"

Baba akasimama, kama tunavyosimama sisi.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Mimi ni mwanafunzi. Nimehamia leo."

Wajina wako